Kijani Hawalalamiki

Bloomington, 21 Oktoba 2018

Shangazi Ardis,

Soksi ulizonifumia zimefika, asante sana. Ya kulia inanikaa barabara na ya kushoto nitaizoea. Huku hatujambo. Theluji haijaanguka bado ingawa kila mtu ameshaanza kuilalamikia. Ulisema kwenye simu nakujibu "ehe, ehe" huku naangalia mambo mengine, kwa hiyo leo nimekaa kitako na kalamu kama ulivyoagiza.

Nina habari njema. Kampuni yetu ya madirisha imemleta mtaalamu kutoka Phoenix, anaitwa Brock, kutufundisha tabia za watu kazini. Unajibu maswali, kisha unaambiwa rangi yako. Nyekundu ni watu wa amri na maamuzi. Njano ni wachangamfu, wapiga soga. Bluu ni wachunguzi, hawalali mpaka hesabu ikubali. Kijani ni wapole, waaminifu, wasiopenda fujo. Ukishaijua rangi ya mwenzako unajua jinsi ya kusema naye. Kila mtu amepewa kibendera cha rangi yake cha kusimamisha mezani.

Shida ni kwamba karibu ofisi nzima ya kupokea oda imetoka Kijani. Brock alidhani kompyuta imeharibika, akaturudishia maswali, tukatoka Kijani zaidi. Rafiki yako Marlys, aliyenifundisha kazi hii tangu sijui hata kupima fremu, ametoka Kijani iliyokolea kuliko wote. Brock anasema hajawahi kuona kitu kama hicho.

Nyekundu nimetoka mimi peke yangu. Kuanzia mwezi ujao mimi ndiye mkuu wa kikosi. Usimwambie mtu, nitaonekana najisifu.

Mpwa wako,
Darrin


Thief River Falls, 4 Novemba 2018

Mwanangu Darrin,

Sisi wazima. Huku theluji imeshaanguka, na jirani ameshaichota yangu yote kabla sijaamka ili nishindwe kumzuia. Mchungaji ana mafua. Mashindano ya karata tumeshinda, lakini hatusemi.

Sasa, wewe Nyekundu! Nimeisoma barua yako nimesimama, ikabidi nikae. Wewe uliyekula soseji mbichi kwenye pikniki ya kanisa kwa sababu uliona aibu kumwambia Bibi Sorensen kwamba moto umezimika! Ulitapika siku mbili, na alipokuletea nyingine ukasema asante.

Ngoja nikueleze kilichomshinda Brock. Huku kwetu mtu akikukaribisha kahawa unakataa. Akikukaribisha tena unakataa. Mara ya tatu ndiyo unasema haya, nusu kikombe, kama ipo tayari. Wewe umezaliwa ndani ya hayo, unajua. Sasa mtu wa Phoenix anawapa karatasi inayouliza mara moja tu, "Je, wewe ni kiongozi hodari?" Nani mwenye haya zake atajibu ndiyo kwa swali la kwanza? Hamkupimwa tabia, mwanangu, mmepimwa adabu. Na aliyefeli adabu kapewa cheo.

Marlys namfahamu tangu darasa la tatu. Aliwahi kumfukuza dubu kwenye pipa la taka kwa ufagio, huku akimwomba radhi. Mwambie Brock anitafutie rangi ya hiyo.

Hongera hata hivyo. Baba yako angefurahi, na asingekuambia.

Shangazi


Bloomington, 16 Desemba 2018

Shangazi mpendwa,

Heri ya msimu. Nimepokea kofia. Theluji imetufikia na gari limegoma mara mbili. Krismasi sitaweza kuja, ukuu huu hauna likizo. Naomba uniwekee nyama kwenye friji la barafu.

Kazi inakwenda vizuri. Brock ametupa kijitabu cha kuongozea kila rangi, na mimi nimeweka kibendera changu chekundu pale ambapo mtu akiingia anakiona. Najitahidi kusema kwa kifupi. Jana nilimwambia mtu "Hapana" tupu, bila kuongeza chochote. Nilikwenda chooni kidogo nikapumua, lakini nilimwambia.

Wiki iliyopita niliitwa makao makuu, wakuu wote wa vikosi tulikuwepo. Mambo ya mwakani tu. Mengi ni ya siri.

Ijumaa Marlys alileta lefse, ile mikate yake ya viazi, bado ya moto, na siagi na sukari. Alinisogezea mimi kwanza. Nilikula tatu nikamwomba nyingine za kubeba nyumbani. Hakuna anayezipika kama yeye, na samahani, hata wewe.

Halafu nilitaka kuuliza, bila sababu yoyote. Duane mume wake ana bima ya matibabu ya kwake, au anategemea ile ya Marlys ya kazini?

Darrin


Thief River Falls, 28 Desemba 2018

Mwanangu,

Krismasi ilikuwa nzuri, tulikuwa kumi na wote walisema wameshiba kabla ya kukaa. Nyama yako ipo. La lefse nimekusamehe kwa sababu ni kweli.

Duane anategemea bima ya Marlys, ya kwake iliisha alipostaafu kuendesha lori. Nyonga imekwisha kabisa, anatembea kama anavuta kabati. Daktari alitaka kumwekea ya chuma mwezi huu, lakini Duane amesema mpaka Mei, kwa sababu hawezi kuacha kuvua samaki wakati ziwa lina barafu nzuri. Marlys alimwambia sawa. Nilimwambia Marlys kwamba ningekuwa mimi ningemburuta hospitalini kwa kamba, akacheka.

Kwa nini unauliza?

Shangazi


Bloomington, 20 Januari 2019

Shangazi Ardis,

Samahani kwa kuchelewa. Ni baridi ya kupasua meno, na mabomba ya jirani wa juu yameganda, kwa hiyo tunaoga kwa zamu kwangu.

Nimekuwa nikisoma kijitabu cha Brock kwa makini, nadhani ungekipenda ukikipa nafasi. Chukua Kijani. Mtu wa Kijani anahitaji utulivu. Mabadiliko yanamuumiza, kwa hiyo ukiwa na habari nzito usimtese kwa kumwambia mapema, maana atabaki na wasiwasi wiki kwa wiki. Mwambie siku yenyewe, kwa sauti ya chini, ukianza kwa kuulizia familia. Zamani ningeona ni ukatili. Sasa naona ni huruma, ila ina mpangilio.

Pia makao makuu wamegundua kwamba Kijani wanapokea mambo bila kelele. Njano ukimgusa anaita mkutano, Bluu anaandika barua yenye kurasa tisa. Kijani hawalalamiki. Brock anasema hiyo ni nguvu yao.

Juzi nilimuuliza Marlys kama yuko sawa. Akasema yuko sawa. Kwa hiyo yuko sawa.

Nakutumia maswali ya Brock, ujijaribu. Usifikirie sana, jibu kinachokujia.

Darrin


Thief River Falls, 27 Januari 2019

Darrin,

Huku ni baridi mpaka mbwa wa jirani anakataa kutoka. Mchungaji amepona mafua akayarithisha kwaya.

Maswali ya Brock nimeyajibu. "Kwenye mkutano, wewe hufanya nini?" Nimeandika naleta kahawa. "Mtu akikukosea, unachukua hatua gani?" Nimeandika hapana, hakuna aliyenikosea. "Wenzako wangekuelezaje?" Nimeandika waulizwe wao. Bila shaka nitatoka Kijani mpaka majani yaniote masikioni.

Nimekuuliza kwa nini unataka kujua habari za bima ya Duane. Umenijibu kwa kurasa mbili za rangi. Nimezigeuza, nimetazama hata nyuma, jibu halimo.

Halafu hii ya kumuuliza Marlys mara moja, akasema yuko sawa, ukaondoka na jibu. Nani alikulea? Mtu wa Phoenix akifanya hivyo nasema hajui. Wewe unajua. Umelichukua jibu la kwanza kwa sababu ndilo ulilolitaka, na usinifiche kwenye kijitabu.

Nakuuliza mara ya pili. Kuna nini kuhusu bima ya Marlys?

Ardis shangazi yako


Bloomington, 17 Februari 2019

Shangazi,

Natumaini hujambo. Mimi sijambo, kazi nyingi.

Sina cha kusema kuhusu hilo. Wakuu wote tulitia sahihi kwamba mambo ya makao makuu hayatoki nje, na mtu wa Nyekundu anajulikana kwa kusimamia neno lake. Hakuna kitu. Tafadhali usianze kuwapigia watu simu.

Nashukuru kwa shali. Ni ndefu sana, lakini inatosha.

Darrin


Thief River Falls, 22 Februari 2019

Darrin,

Marlys anaondolewa?

Shangazi


Bloomington, 31 Machi 2019

Shangazi Ardis,

Najua hujapata barua yangu mwezi mzima. Sikujua niandike nini, kisha nikajua, kisha nikawa na hasira.

Juzi Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Kila kikosi kilitakiwa kupunguza mtu mmoja. Mimi nilijua tangu ile safari ya Desemba. Brock ndiye aliyeshauri wachukuliwe Kijani iliyokolea, kwamba pengo lao halisikiki. Nilikubali. Mtu wa Nyekundu akianza kusema "hebu tufikirie tena" wanamtazama.

Nilifanya kila kitu kama kijitabu kinavyosema. Nilifunga mlango taratibu, nikakaa upande wake wa meza, si upande wangu, na hata kibendera changu nilikiweka kwenye droo. Nikaanza kwa familia. Nikasema, kwa sauti ya chini, "Marlys, Duane hajambo?"

Akasema, "Hajambo. Nyonga imeshawekwa, wiki ya pili hii. Anatembea na fimbo mpaka jikoni na kurudi. Barafu ameiacha mwaka huu, amenuna kama mtoto."

Kijitabu hakina ukurasa wa hapo. Marlys akasema, "Haya Darrin, soma tu ulichokuja nacho." Nikasoma. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema asante, akachukua mkoba wake, ambao tayari ulikuwa umefungashwa. Mlangoni akasema, "Ardis anakusalimu."

Shangazi, ulimwambia! Nilitia sahihi! Ingejulikana ningefukuzwa na mimi! Na sikukuambia chochote, sikuandika hata neno moja!

Alipokea vizuri, lakini. Kila mtu amesema alipokea vizuri.

Darrin


Thief River Falls, 7 Aprili 2019

Mwanangu,

Theluji inayeyuka na ghala langu la chini lina maji mpaka kwenye vifundo vya miguu. Jirani ameleta pampu, nikamwambia asijisumbue, akaiwasha.

Kweli hukuniambia chochote. Nilikuuliza mara ya kwanza ukanijibu kwa rangi. Mara ya pili ukasema hakuna kitu. Mara ya tatu hukujibu kabisa. Huku kwetu jibu la tatu ndilo la kweli, na la kwako halikuja, kwa hiyo nilijua kuna kitu, nacho ni kibaya mpaka huwezi kukishika kwa mkono. Nilingoja barua yako wiki moja, kisha nikampigia Marlys usiku. Nikamwambia, sina ushahidi, nina mpwa tu anayejificha. Hakuniuliza zaidi. Asubuhi alimwambia Duane kwamba nyonga ni mwezi huu au alale kwenye kibanda chake ziwani na samaki wake. Hiyo ndiyo Kijani yenu.

Sikukasirika kwa sababu walikupa kazi chafu. Kazi ni kazi, na una kodi ya nyumba. Nimekasirika kwa sababu ulimtazama mwanamke yule uso kwa uso kila asubuhi kuanzia Desemba, ukijua kwamba mumewe atabaki na nyonga mbovu bila bima, na ulipokosa usingizi ulikwenda kutafuta kijitabu kikuambie kwamba kunyamaza ni huruma. Uoga wako umeupaka rangi, Darrin. Hata rangi yenyewe umeazima.

Haya, nimesema. Mimi nimeumia, kwa hiyo sasa nahamia kwenye mambo ya chakula.

Pasaka ni tarehe 21. Utakuja. Nyama yako bado ipo kwenye barafu. Marlys na Duane nao watakuja, na nimekuweka karibu na Marlys. Hakuna atakayekupigia kelele, kwetu hatufanyi hivyo, watakusogezea maharage na watakuuliza habari za barabara. Wewe utamuuliza Marlys hali yake. Atakwambia nzuri. Utamuuliza tena, atakwambia nzuri. Kisha utamuuliza mara ya tatu, na hapo ukae imara kwenye kiti, kwa sababu atakujibu.

Shangazi


Bloomington, 28 Aprili 2019

Shangazi mpendwa,

Nilifika salama. Barabara ilikuwa kavu mpaka Saint Cloud. Naomba radhi kwa kuondoka kabla ya pai. Najua ulijifungia jikoni makusudi, maana hakuna viazi vinavyopondwa kwa muda mrefu hivyo.

Ofisini Brock amerudi. Rangi zimeachwa, wamegundua hazikuwa za kisayansi. Sasa ni wanyama. Kuna simba, kuna bata, kuna mwingine nimemsahau. Aliniuliza mimi nadhani ni mnyama gani. Nilimwambia sijui, asante. Akaandika kitu na kuondoka. Vibendera vyote vimekusanywa kwenye sanduku karibu na mashine ya kahawa, vya kijani vimejaa mpaka juu. Kiti cha Marlys bado hakina mtu, na simu za wateja wake wanaletewa waliobaki, ambao wanasema hawana shida.

Nataka nikuambie kilichotokea ukiwa jikoni, kwa sababu najua Marlys hatakuambia.

Nilimuuliza hali. Akasema hawezi kulalamika, akanipa maharage. Nikasema, "Lakini kweli, Marlys, unaendeleaje?" Akasema si mbaya, amepata siku tatu kwa wiki kwenye duka la mbegu, niongeze nyama. Duane akachukua fimbo yake akasema anakwenda kutazama kama gari langu lina upepo kwenye magurudumu.

Ikawa mara ya tatu. Nikasema, "Marlys, nakuuliza."

Akaweka uma chini. Akasema, "Ulikuwa unajua siku ile nilipokuletea lefse?"

Nikasema ndiyo.

"Ukala tatu."

"Ndiyo."

"Ukaomba nyingine za nyumbani."

"Ndiyo, Marlys."

"Nilirudi nikamwambia Duane, yule kijana ukuu haujambadilisha, bado anakula kama mtoto wa kwetu." Alikuwa anakunja kitambaa cha meza, anakikunjua, anakikunja tena. "Kazi nitapata nyingine, nimeshapata. Lakini mimi nilimsifia mtu, Darrin. Nilimsifia kwa mume wangu. Hilo ndilo ninalolala nalo."

Nilisema samahani, nikasema tena, nikajisikia nazijaza sahani zake kwa kitu asichokitaka. Alitikisa kichwa kuonyesha kwamba amesikia.

Halafu akavuta ile sahani aliyokuja nayo, iliyofunikwa kwa taulo, akaifunua. Lefse. Akanisogezea. Nikasema hapana, asante. Akanisogezea tena. Nikasema hapana, Marlys, kweli.

Nikangoja ya tatu.

Akaifunika kwa taulo, akaiweka upande wa pili wa meza.

Darrin